"Pompa imekufa": lakini pompa gani?

Makanisa yetu mengi ya mashariki yana kamio moja tu, na kamio hiyo ina kazi kuliko nguvu zake. Inabeba mabati ya kujengea, dawa za kituo cha afya, maharagi na mihogo ya wakulima, na wakati wa makutano inabeba wanakwaya pamoja na ngoma zao. Siku inapozima katikati ya mlima, neno la kwanza linalosikika ni hili: "Pompa imekufa." Shofere anapigia mchungaji simu, mchungaji anaita kamati, na kabla jua halijazama watu wameanza kutafuta dola za kununua pompa nyingine.

Neno hilo linaficha jambo, kwa sababu kwenye mota ya mazutu ya aina tuliyozoea kuna pompa mbili. Tunaongea hapa juu ya Fuso za zamani zenye mota 6D14, 6D15 au 6D16, na juu ya Mercedes za pua kama ile 1113 yenye mota OM352. Pompa kubwa ni ile ya enjeksio: chuma kizito ubavuni mwa mota, ambamo zinatoka tiyo nyembamba za chuma, moja kwa kila silinda. Pompa ndogo imefungwa ubavuni mwa hiyo kubwa, kwa kawaida na ekru tatu. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mtu, na mara nyingi ina kifundo cha kusukuma kwa mkono. Kazi yake ni kuvuta mazutu toka tanki na kuyapeleka kwenye filtri, kisha yafike kwenye pompa kubwa.

Bei ya hiyo ndogo ni sehemu ndogo sana ya bei ya kubwa. Fundi mwenye funguo za kawaida anaweza kuibadilisha kwa saa moja au mbili, bila kugusa kalaji ya mota, maana yake saa ambayo kila silinda inapokea mazutu yake. Pompa kubwa ukiitoa, kalaji inatoka, na kuirudisha kunaomba alama, vipimo na mtu anayejua. Kwa hiyo swali la kamati lisiwe kwanza "tutapata wapi pesa?" Liwe: "Ni pompa gani, na mmeipima namna gani?" Mzee wa kanisa ambaye hajawahi kushika ufunguo anaweza kuuliza hivyo, na fundi mwaminifu atafurahi kujibu.

Tuone kwanza namna pompa ndogo inavyofanya kazi, kwa sababu ukiijua, dalili zote zinajieleza zenyewe. Ndani yake mna pistoni moja, resori moja, na vilango viwili ambavyo mafundi wanaviita klape: kimoja kinaruhusu mazutu kuingia, kingine kinayaruhusu kutoka. Kamu iliyo ndani ya pompa kubwa inaisukuma pistoni na kuikaza resori. Kamu ikipita, resori inairudisha pistoni, na kurudi huko ndiko kunakopeleka mazutu kwenye filtri na kuvuta mengine toka tanki kwa pigo lile lile. Basi nguvu ya kusukuma inatoka kwenye resori, si kwenye kamu. Resori ikichoka, pompa inaendelea kucheza kama kawaida, mtu akiiangalia kwa nje haoni kitu, lakini mazutu yanafika kidogo.

Ndiyo sababu pompa iliyochoka haionekani kamio ikiwa imesimama. Mota ikinguruma polepole uwanjani inahitaji mazutu machache sana, na hata pompa mgonjwa inayatosheleza. Mpakie saruji, umtume toka Uvira kando ya ziwa, kwenye mita 780 hivi juu ya bahari, apande Ngomo kwenda Bukavu, kwenye mita 1500 hivi. Hapo shofere anakanyaga mpaka mwisho kwa muda mrefu, mota inaomba mazutu mengi, na pompa haiyapati. Nguvu inapungua polepole, mota inakohoa, inazima. Wakipumzika dakika kumi, filtri inajaa tena, gari inawaka, inakwenda mita mia chache na kuzima tena.

Angalia pia moshi, maana moshi unasema mengi. Gari iliyokosa mazutu inapoteza nguvu bila kutoa moshi mweusi. Kama nguvu imepotea na moshi mweusi umejaa njiani, tatizo si njaa ya mazutu: chunguza filtri ya hewa na enjektere. Tena kumbuka kwamba kule juu, upande wa Lubero, hewa yenyewe ni nyepesi, na mota isiyo na turbo itatoa moshi zaidi kuliko inapokuwa Uvira hata kama ni nzima. Asubuhi, demarere ikizunguka na bomba likitoa moshi mweupe, mazutu yanafika lakini hayawaki vizuri. Ikizunguka na hakuna moshi hata kidogo, mazutu hayafiki.

Sasa kupima. Utaratibu mzuri ni kuanza na kile kisichogharimu kitu.

Fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti, tundu la kupumua limeziba kwa tope au vumbi. Mazutu yanapotoka na hewa haiingii, tanki linakuwa kama chupa ambayo mtoto anainyonya mpaka inamgandama kinywani. Kuna kamio zilizobadilishiwa pompa mbili mfululizo kwa sababu ya kifuniko kama hicho. Safisha tundu, endesha, uone.

Kisha filtri. Kwenye pompa ndogo nyingi, pale mazutu yanapoingia, kuna kichujio kidogo cha waya, ama ndani ya buloni yenye tundu, ama ndani ya kikombe cha kioo. Mashofere wengi hawajui kwamba kipo. Filtri kubwa wanaibadilisha, na hicho kidogo kinakaa miaka na miaka kikikusanya nyuzi, kutu ya tanki na mabaki ya plastiki ya bidoni. Kitoe, kioshe kwa mazutu safi, ukirudishe.

Baada ya hapo, hewa. Jambo hili linawadanganya hata mafundi wazuri, kwa hiyo tulikazie. Kati ya tanki na pompa ndogo, mazutu yanavutwa, hayasukumwi. Tiyo ikiwa na ufa mdogo upande huo, haidondoshi mazutu mota ikiwa inanguruma, inanyonya hewa. Mtu anatafuta fasi yenye maji maji na haoni kitu. Dawa ni kulegeza visi ya kupurje iliyo juu ya filtri na kusukuma kifundo cha mkono. Mwanzoni povu litatoka, ni kawaida. Ukisukuma mara hamsini, mia, na povu bado linakuja, hewa inaingia mahali fulani. Ukiwa na kipande cha tiyo ya plastiki inayopitisha mwanga, kifunge mbele ya pompa ndogo, na utaona mapovu yakipita kwa macho yako. Mara nyingi kosa liko pale tiyo ya mpira inapoingia kwenye chuma, ama pale mtu alipofunga kipande cha shambreri mwaka uliopita akasema kitasaidia mpaka Jumamosi.

Kipimo kinachofuata ndicho tunachokipenda kuliko vyote. Chukua bidoni yenye mazutu safi. Toa tiyo inayotoka tanki, funga tiyo nyingine fupi kwenye mdomo wa kuingilia wa pompa ndogo, na mwisho wake uuingize ndani ya bidoni iliyowekwa chini, si juu. Toa hewa, washa, na upande mlima ule ule pamoja na mzigo ikiwezekana, bidoni ikiwa imefungwa imara mbali na bomba la moshi. Kama kamio inapanda vizuri, pompa ni nzima, na ugonjwa uko kwenye tanki au tiyo yake. Kama inazima vilevile, ugonjwa hauko tena nyuma. Katika nusu saa umegawa gari vipande viwili, na umejua upande wa kutafuta.

Ikiwa dalili zinabaki, jaribu pompa yenyewe. Toa tiyo inayotoka kwenye pompa ndogo kwenda filtri na uielekeze ndani ya chupa. Mtu mmoja avute waya wa kuzimia na kuushika ili mota isiwake, mwingine azungushe demarere kwa sekunde chache. Mazutu yatoke kwa mapigo yenye nguvu, pigo baada ya pigo. Yakitiririka kwa uvivu kama maji ya bomba lililopasuka, umepata jibu. Garaji yenye manometa ipime pia: kufuatana na aina, pompa hizi hutoa kati ya bar 1 na 2.5. Kwa ajili ya klape, toa pompa, ziba mdomo wa kuingilia kwa kidole gumba, na usukume kifundo cha mkono. Kidole kinyonywe na kibaki kimenyonywa kwa muda. Kikiachiliwa mara moja, klape hazifungi. Pompa ya namna hiyo inaachilia mazutu yarudi tanki usiku, na shofere anaamka kila asubuhi kusukuma kwa mkono kabla ya kuwasha.

Kuna dalili moja ambayo isingoje hata siku moja. Vuta joji, kile kijiti cha kupimia mafuta ya mota. Kama mafuta yamepanda juu ya alama, ni mepesi kama maji na yananuka mazutu, basi simamisha gari. Ule mti mdogo unaosukuma pistoni ya pompa ndogo ukilika, mazutu yanapita kando yake, yanaingia ndani ya pompa kubwa, na toka hapo yanashuka kwenye mafuta ya mota. Mafuta yaliyochanganyika hayalindi tena vile vyuma vinavyobeba mti wa mota. Shofere anafurahi kwamba gari yake "haili mafuta", kumbe inaelekea kuua mota nzima. Baada ya kubadilisha pompa, mafuta hayo yamwagwe yote na filtri yake ibadilishwe. Usiyaweke pembeni kwa matumizi ya baadaye.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu, ila inaomba usafi. Osha fasi nzima kwa brashi na mazutu kabla ya kufungua ekru ya kwanza, kwa sababu mchanga ukiingia pale unakwenda moja kwa moja kwenye vyuma vilivyopimwa kwa umakini kuliko kitu kingine chochote ndani ya kamio. Toa tiyo mbili, funika midomo yake kwa plastiki safi (kitambaa kinaacha nyuzi), kisha fungua ekru tatu kidogo kidogo kwa zamu. Pompa itajisukuma nje, kwa kuwa resori inaikandamiza. Ikiwa imekaza sana, kamu imekaa kwenye kilele chake: zungusha mota kidogo kwa ufunguo na itaachilia. Angalia jointi ya zamani na kuweka mpya yenye unene ule ule. Wale wanaokata jointi katika karatasi nene ya katoni wanaisogeza pompa mbali na kamu, na pistoni inapunguza mwendo wake.

Unapokwenda kununua, ibebe ile ya zamani mkononi. Namba iliyopigwa juu ya chuma ni ya maana kuliko maneno "ya Fuso" au "ya Mercedes", kwa sababu kuna pompa zinazofanana kwa sura lakini urefu wa ule mti ni tofauti. Ziweke mbili pamoja juu ya meza ya muuzaji: mashimo, urefu, upande wa kuingilia. Fanya kipimo cha kidole gumba hapo hapo dukani. Muuzaji akikukataza, kuna maduka mengine. Wakati mwingine pompa ni nzima na kinachohitajika ni klape na kifundo cha mkono tu, vinavyouzwa peke yake.

Wakati wa kufunga, rondele za shaba ziwe mpya. Zikikosekana, za zamani zinaweza kupashwa moto mpaka ziwe nyekundu na kuachwa zipoe. Shaba inakuwa laini tena na kuziba vizuri. Kaza ekru tatu kwa zamu, usikaze moja mpaka mwisho wakati nyingine zimelegea. Halafu toa hewa: kwanza kwenye filtri mpaka mazutu safi yatoke bila povu, kisha kwenye visi ya pompa kubwa. Kama bado haiwaki, legeza kidogo ekru za tiyo mbili au tatu za enjektere, zungusha demarere, na zikianza kudondosha, zikaze. Usiweke kidole au kiganja mbele ya mazutu yanayoruka pale. Enjektere za mota hizi zinafunguka kwenye bar 200 hivi, na mazutu ya nguvu hiyo yanatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, lakini mtu huyo apelekwe hospitali siku ile ile, kwani anaweza kupoteza mkono. Na kamio za kisasa zenye enjeksio inayosimamiwa na kompyuta zina nguvu inayopita bar 1000. Huko usilegeze tiyo ya enjektere hata moja.

Kama vipimo vyote vinasema pompa ndogo ni nzima, mazutu yanafika kwa nguvu na hewa haipo, ndipo macho yageukie pompa kubwa. Isifunguliwe kando ya njia. Ipelekwe kwa fundi mwenye meza ya kupimia pompa za enjeksio, baada ya kuweka alama kabla ya kuitoa. Visi zilizofungwa kwa risasi zisiguswe na mtu anayetaka "kuongeza nguvu kidogo".

Wenye Land Cruiser yenye mota 1HZ wajue kwamba kwao mpango ni mwingine. Hakuna pompa ndogo ya pembeni. Ya kuvuta iko ndani ya pompa kubwa, na kifundo cha mkono kiko juu ya filtri. Vipimo vya kifuniko, hewa na bidoni vinafaa vilevile. Ila pompa ile inalainishwa na mazutu yenyewe, si na mafuta ya mota, kwa hiyo maji ndani ya mazutu yanaimaliza haraka zaidi.

Na maji yapo. Wengi wetu tunanunua kwa Kadafi kando ya njia, katika bidoni ambazo jana zilibeba kitu kingine. Bidoni ilale usiku bila kutikiswa, na asubuhi mimina polepole, ukiacha vidole viwili vya chini. Chuja kwa kitambaa kilichofumwa sana. Mwaga maji ya chini ya filtri kila juma wakati wa mvua. Mazutu yaliyochanganywa na petroli ya taa yanawaka, hilo ni kweli, lakini hayalainishi sawasawa, na pistoni na klape zinalika mapema.

Linabaki jambo la bidoni juu ya kabini. Pompa ikifa mbali na mji, mashofere wetu wanaifunga bidoni juu, wanashusha tiyo mpaka kwenye filtri, na mazutu yanashuka kwa uzito wake. Gari inakwenda. Kwa kuitoa kamio porini mpaka kijiji cha karibu, ikiwa tupu, mchana, tunaelewa. Kupandisha watu juu ya mzigo huku bidoni ya mazutu ikining'inia juu ya mota ya moto, na kuendelea hivyo mpaka Butembo kwa sababu makutano yanaanza kesho, hapana. Tiyo ikichomoka, mazutu yanamwagika juu ya bomba la moshi, na walio juu hawana njia ya kushuka haraka. Mchungaji au kiongozi wa safari ana haki ya kuwashusha watu na kutafuta gari nyingine, hata shofere akikasirika.

Baada ya pompa mpya, endesha kilometa hamsini, kisha simama na upapase viungo vyote mota ikiwa imezimwa. Andika katika daftari la gari tarehe, kilometa na namba ya pompa. Kwa juma moja, joji ivutwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kipimo kiandikwe. Kama mafuta ya mota yanapanda tena, pompa mpya nayo inavuja, na irudishwe dukani pamoja na karatasi ya malipo.